Makopo ya Zaituni Juu ya Mabati

Hadithi hii hamtaiamini, na sitawalaumu, kwa maana hata mimi niliyekuwepo naamini nusu tu. Nusu ya pili naiamini kwa kuwa nimeisimulia mara nyingi. Mimi Munyakazi, niliyesoma mpaka darasa la tano nikamwachia mwalimu yaliyobaki, nitawaeleza jinsi mkubwa mzima wa sekta, yaani kata yetu, alivyokamatwa na jua. Shahidi yupo. Ni shemeji yangu Zaituni, mjane wa kaka yangu, na yuko hapa nyuma yangu kwenye cherehani, anashona sare za shule na kujifanya hasikii ninachosimulia.

Kaka alikuwa dereva wa lori la Butare. Siku moja alirudi na kijiti kimesinyaa mfukoni mwa shati, amekivunja kwenye kibaraza cha masista. Jeraniumu, ndivyo masista walivyoliita ua hilo. Akampa mkewe na kumwambia, "Hili ukilinyima maji litakuvumilia. Ukilinyima jua litakufa." Zaituni akakiacha kijiti kivulini siku nzima mpaka jeraha lake likakauka, halafu akakichomeka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, udongo nusu na mchanga nusu, kopo limetobolewa matundu chini.

Sasa, lile si ua la msimu, la kuchanua leo na kesho likawa takataka. Lile linakaa. Mwaka baada ya mwaka lilikuwa palepale, jekundu kama kucha za bibi arusi, na kila lilipovunjwa tawi, tawi likawa kopo jingine. Kaka alipofariki alimwachia mkewe cherehani, deni la msiba na ukuta mzima wa makopo.

Kisha jirani akainua ukuta wake, na ua wa Zaituni ukawa kivuli kitupu toka asubuhi hadi jioni. Jua lilibaki mahali pamoja tu: juu ya mabati. Basi Zaituni akatafuta ngazi. Asubuhi jua lilipochungulia nyuma ya kilima cha Gikondo, kinachotutazama ng'ambo ya bonde, alipandisha makopo moja moja, akayapanga juu ya ubao ili bati lisiyachome mizizi. Mawingu yakijikusanya, alishusha. Na kwa kuwa mwanamke huyu hawezi kuona kopo chafu akapata usingizi, aliyasugua yote kwa mchanga na majivu mpaka yakang'aa kama vioo vya kinyozi.

Hapo ndipo balaa lilipokuwa, na hakuna aliyeliona. Watu wa Gikondo ndio walioona.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka wa tisini. Vita vilikuwa vimeanza mpakani mwa Rwanda na Uganda, na Kigali ikajaa maneno ya chini chini na malori ya asubuhi. Watu waliitwa ibyitso, yaani wasaidizi wa adui, na aliyeitwa hivyo hakuulizwa mara mbili. Hamimu, fundi mwenzake Zaituni wa baraza moja, alichukuliwa futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alirudi mwezi wa nne mwaka uliofuata, na mpaka leo humwomba Zaituni amtilie uzi kwenye sindano.

Zaituni naye alikuwa na dada aliyeolewa Kampala. Siku zile hilo peke yake lilitosha. Alikuwa na kila sababu ya kukaa ndani kimya. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, majani yamegeuka njano, na mashina mengine yameanza kuwa meusi chini, ule weusi ambao ukipanda mpaka katikati hakuna dawa. Jua likitoka hata kidogo, ilibidi yapate. Nilimwambia, "Shemeji, yaache yafe, wewe ubaki." Akanijibu kwamba amezika mmoja, hataki kuzika na alichomwachia.

Asubuhi moja alikwisha kuyapandisha makopo yote, mimi nikimshikia ngazi. Jua likajificha nyuma ya wingu zito. Akasikia lori linasimama kule chini kwenye barabara ya vumbi, injini haizimwi, halafu viatu vinapanda kwenye kichochoro. Mlangoni akatokea konseye Cyriaque, mkubwa wa sekta, mtu wa tai pana na fimbo. Nyuma yake askari wawili wenye bunduki, wageni, wameletwa mtaani kwetu alfajiri ileile.

"Mama," akasema Cyriaque, "unamwashiria nani?"

"Sijamwashiria mtu, bwana konseye. Naota... naotesha maua. Nimeyaanika."

"Maua yanaanikwa kama nguo?"

Askari mmoja akacheka. Mwingine hakucheka, na huyo ndiye ambaye Zaituni alimwogopa.

"Watu wa Gikondo wameona," Cyriaque akaendelea. "Kila asubuhi kitu kinawaka juu ya bati lako. Kinawaka, kinazima, kinahama. Juzi vilikuwa vingi, jana vichache. Iko hesabu hapo."

"Yale yanayooza nayashusha. Ndiyo maana yanapungua."

"Majibu unayo. Basi nimewaambia wa ng'ambo: leo wakiona kinawaka tena, wapige induru na washuke wote. Tutaona kama na wao utawajibu."

Kwa asiyejua, induru ni ule ukelele wetu wa hatari. Anayeuanza ni mmoja, na ukishaanza, kila anayeusikia ni lazima aupokee na kukimbilia unakotoka, awe na rungu au awe na mwiko. Zaituni akatazama juu. Ukingo wa wingu ulikuwa mweupe, unazidi kuwa mweupe. Jua likitoka sasa hivi makopo yatawaka yenyewe, yeye akiwa amesimama chini na mikono mitupu, na nani atamsikiliza?

"Apande lorini," akasema yule askari asiyecheka. "Atajieleza huko."

Mkono ulikwisha kumshika Zaituni juu ya kiwiko. Alisimuliwa na Hamimu baadaye jinsi kulivyo huko, lakini siku hiyo hakuhitaji kusimuliwa.

"Ngoja," akasema Cyriaque. Mungu aliumba tamaa ya sifa, na siku nyingine huitumia kwa kheri. Hakutaka kupeleka mjane tu, alitaka kupeleka mjane na ushahidi. "Ndani ya makopo kuna waya unaoyawasha. Nautaka huo waya kwanza. Pandeni."

Askari wakatazama mabati yaliyolowa, wakatazama buti zao, hawakujongea. Basi konseye akampa mmoja fimbo yake, akapanda mwenyewe. Aliyemshikia ngazi ni mimi, na ngazi ilitulia kama mlingoti.

Akainua kopo la kwanza. Akalitikisa, akalinusa, akachomeka kidole kwenye udongo. Akaligeuza kiubavu.

"Haya matundu ya chini ya nini?"

"Ya kutolea maji, bwana konseye. Likikaa na miguu majini linaoza."

"Au ya kupitishia waya."

Zaituni akatazama wingu. Likapasuka. Jua likamwagika kwanza Gikondo, likateremka bondeni, likaanza kupanda upande wetu, nyumba kwa nyumba, na yeye akalifuata kwa macho kama mtu anayemsubiri mgeni. Alijua kwamba akikosea neno hili, lori halitasubiri tena.

"Hapo umejikinga na kichwa chako mwenyewe, bwana konseye," akasema, kwa sauti ya fundi anayemsaidia mteja kupima gauni. "Liinue. Kitako chake ukielekeze upande wa jua, utaona matundu mpaka ndani."

Cyriaque akaliinua. Akaelekeza kitako kile kilichosuguliwa kwa majivu kule Gikondo, akakigeuza kulia, akakigeuza kushoto, jicho moja amelifumba. Hakuona waya. Akachukua kopo la pili, akafanya vilevile. La tatu.

Induru ikaanza. Koo moja la mwanamke kwanza, jembamba kama uzi, halafu la pili, halafu kilima kizima kikapokea, na mabati ya Zaituni yakatetemeka, au ni mimi niliyetetemeka, sikumbuki. Watu wa Gikondo wakaonyesha kwa vidole. Hata kwa umbali ule ungeona mikono yote imeelekea kwa mtu mmoja mwenye tai, amesimama juu ya nyumba na kitu kinachowaka mkononi.

Askari asiyecheka akakoki bunduki. Akaiinua juu.

"Wewe. Weka hicho kitu chini."

"Ni mimi, konseye."

"Nimekujua toka chai ya asubuhi tu. Weka chini."

"Ni maua, afande."

"Maua gani yanaitikiwa na kilima kizima?"

Na hapo, ndugu zangu, mtu yule mkubwa akaanza kueleza. "Haya... haya yanataka jua. Yakinyimwa jua yanakufa. Mama huyu anayapandisha asubuhi, mvua ikija anayashusha. Matundu ni ya maji. Ni ili miguu yake isilowe." Sauti ilikuwa ya mtoto anayekariri somo ambalo amelisikia mara moja tu, na fimbo iko nyuma yake.

Askari hakushusha bunduki. Akamgeukia Zaituni.

"Mama. Anasema kweli huyu?"

Induru ilikuwa inateremka bondeni, inakuja. Injini ya lori ilikuwa bado inanguruma. Zaituni akamwona Cyriaque kule juu, kopo amelikumbatia kifuani, udongo umemmwagikia tai. Akakumbuka futi ya Hamimu ikining'inia. Neno lilikuwa moja tu, "Sijui", na lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Lile lori lilikuja kuchukua mtu, na lisingejali ni nani.

"Anasema kweli," akasema. "Ni maua. Mkononi mwake ni maua, na mkononi mwangu ni maua."

Askari akashusha bunduki. Mwenzake akarudia kucheka. Cyriaque akashuka kwa makalio, kopo likamponyoka, likabingirika mpaka uani na ua lote likavunjika. Akachukua fimbo yake bila kumtazama mtu. "Makopo hayo yavikwe gunia," akasema, "yasing'ae." Wakaondoka. Lori likaenda bila Zaituni. Kwenye nyumba ya tatu kutoka kwake likasimama tena, na huko hakukuwa na maua.

Zaituni aliyashonea makopo yote makoti ya gunia, na mpaka leo mnayaona yamevaa kama mabawabu. Lile lililovunjika alilikata vijiti, akaviacha kivulini vikauke majeraha, akavigawa. Ndiyo maana mtaa huu kila dirisha lina jekundu lake. Hata mke wa konseye alituma mtu aje kuomba kijiti, na Zaituni akamchagulia kilicho bora kuliko vyote. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ili asubuhi na wao wawe na kitu cha kupandisha juani."

Ila nimekimbia mbele, nimewaacha watu wa Gikondo njiani, na hapo ndipo ushujaa wangu unapoingia. Kwa sababu walifika. Walijaza kichochoro chote toka bondeni, si chini ya elfu tatu, wana mapanga na mikuki ya babu zao, na waliokuwa nyuma walikuwa wanapanda juu ya waliokuwa mbele. Na mimi peke yangu nikasimama mlangoni, nikaishika ngazi kama mkuki, nikawaambia kwa sauti ya radi kwamba atakayevuka kizingiti hiki atalazimika kwanza kunivuka mi—

"Walikuwa wanne, shemeji," akasema Zaituni, mguu hakuutoa kwenye cherehani. "Na wa nne alikuwa mbuzi."