Jibini la Dada Raya

Harufu ilianzia kwenye friji. Ilipenya kwenye maziwa, ikaingia kwenye tende, na kila aliyefungua friji ile jikoni kwetu Ghubra alirudi nyuma ameshika pua. Nilikuwa na miaka tisa, na dada yangu Raya alikuwa amerudi Maskati kwa likizo baada ya mwaka wake wa kwanza wa masomo Ufaransa. Jibini lile la maziwa ya mbuzi alilileta yeye, amelizongazonga ndani ya nguo zake kama dhahabu. Bibi, aliyelelewa Unguja na asiyeamini chochote chenye ukungu, alilitupa jalalani siku ya pili. "Nnakwambia limeoza!" alisema. Raya akalia. "Ndivyo lilivyo, Bibi! Huko kuoza ndio utamu wake!" Bibi akamtazama Mama kama anayeuliza, mtoto wetu wamemfanya nini?

Kusema kweli, alituchosha. Wafaransa hawali mkate wa jana. Wafaransa hawanywi chai na chakula. Wakija wageni, akawalaumu hao hao Wafaransa: Jumapili wanafunga maduka na wewe una njaa, mkate wanaubeba kwapani bila ya mfuko, na asubuhi wanabusiana mashavu mpaka umesahau ulikuwa unakwenda wapi. Ukimuunga mkono, anageuka anawatetea. Mama alichoka kuliko sote, maana Raya alirudi amekonda, na Mama alikwisha kumwambia Baba kwamba huyu harudi tena huko. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, alisema. Basi amerejea, na abaki.

Raya alipopata habari, aliomba apike yeye chakula cha Ijumaa. Wanaume wakatoka msikitini wakitarajia biriani. Badala ya sinia letu tunalolizunguka sote, ilikuja supu ya vitunguu. Tukanywa, tukangoja. Akaleta samaki, kipande kimoja kwa kila mtu. Tukangoja tena. Baba akaninong'oneza, "Wali umekwama wapi?" Saladi ilikuja mwisho, tumbo langu limeshakata tamaa. "Chakula gani hichi kinachokuja kwa zamu?" Bibi akauliza.

Lakini katika kungoja kule hapakuwa na la kufanya ila kuzungumza, na Raya akazungumza. Alitueleza kwamba baridi ilipoanza alikuwa akichukua sahani yake chumbani, akila peke yake huku analia. Mwenye nyumba alimopanga, mjane mzee, mkali, akamgongea mlango. "Kwangu hakuna anayekula na ukuta," alimwambia. Tangu hapo kila jioni alimkalisha mezani, akimsahihisha Kifaransa chake, akimgombeza kwa anavyokata jibini, na asimwache kuinuka mpaka asimulie siku yake yote. "Kuna siku nilimchukia, Mama. Lakini bila yeye ningekimbia zamani."

Mama akauliza, "Huyo bibi anakula halua?" Ndipo tulipojua kwamba Raya atarudi.

Alimaliza masomo, akarejea, na sasa ana watoto wake. Mimi nakaa kwenye fleti Al Khuwair, hapa hapa Maskati, na chakula chetu huletwa mlangoni kwa pikipiki. Mume wangu hula atokapo ofisini, binti yangu hula mbele ya simu, mimi hula nimesimama jikoni. Hakuna anayengoja, hakuna anayenung'unika. Wiki iliyopita ni mwalimu aliyenipigia kunieleza kwamba binti yangu amekosana na rafiki yake wa pekee, na kwamba tangu mwezi uliopita analia shuleni.