Fyuzi Niliyoiacha Mahali Pake

Admin, nakuomba ufiche jina langu. Nawe msomaji utakayenitambua kwa haya niliyoyaandika, nakuomba ukae kimya mpaka nijue la kufanya.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, Mzanzibari niliyekulia Barking, mashariki ya London. Nasomea shahada ya pili. Chuoni najulikana kwa mdomo wangu: pakiwa na mgomo au maandamano, kipaza sauti hunifikia mimi. Mara ngapi nimesimama mbele ya umati nikauliza: nani aliyempa mtu haki ya kuamua mwenzake ajue nini na asijue nini? Watu hupiga makofi. Mimi, katikati ya makofi hayo, husikia redio.

Miaka mitano iliyopita Baba alikuwa dereva wa maharusi. Alikuwa na gari moja la kifahari, kuukuu lakini jeusi la kung'aa, viti vya ngozi, akilipangusa kila asubuhi kama mtu anayemwogesha mtoto. Hakuwahi kurudi Unguja tangu alipokimbilia Uingereza. Babu alipofariki, ndugu walimficha Baba habari hizo siku arobaini, eti asije akaharibikiwa ugenini. Alipojua, aliwaapia kwamba atakayemficha tena si ndugu yake. Ndipo nikaamua kumfungia redio ya setilaiti, ile iliyokuwa ikinasa stesheni za nyumbani.

Fundi mmoja wa mtaa wa Queensbury, humuhumu London, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, alinitania nilipokwenda dukani kwake kununua vifaa. "Dada, gari si daftari. Ukikosea hakuna kufuta. Niachie mimi." Nikamhutubia kwamba maarifa si milki ya mafundi. Akacheka hadi akakohoa. "Haya, Profesa. Ukiunguza, nitakuuzia nyingine."

Sikuunguza. Siku mbili nzima nilijikunja chini ya dashibodi. Nikapitisha waya wa antena chini ya zulia hadi kwenye kioo cha nyuma, nikachukua umeme kwenye fyuzi inayoamka ufunguo unapozungushwa, ili Baba asilazimike kubonyeza chochote. Alipowasha gari, sauti za Unguja zikajaa ndani. Zilikatika kila tulipopita chini ya daraja, kisha zikarudi. Siku hiyo Baba aliendesha mpaka Stratford na kurudi bila shughuli yoyote, akisikiliza bei ya karafuu na matangazo ya vifo, akisema "Inna lillahi" kwa watu asiowajua.

Miezi michache baadaye, Jumamosi baada ya alfajiri, Shangazi, dada yake Baba, akanipigia simu.

"Bibi yako amefariki. Usilie, nisikilize. Babaako ana harusi ya watu leo. Akirudi alasiri atawakuta wazee sebuleni, aambiwe akiwa amekaa, watu wamemzunguka. Ndivyo tunavyoambiana sisi. Lakini tangazo litasomwa redioni mchana. Shuka ukalizime dude lako hilo."

Nikashuka. Fyuzi ilikuwa kati ya vidole vyangu viwili. Ilibaki kuivuta tu. Nikazikumbuka siku arobaini. Nikazikumbuka hotuba zangu. Nikajiambia: sitakuwa miongoni mwa wanaoficha! Basi kama ule ulikuwa msimamo, kwa nini sikupanda ngazi nikamwambia mwenyewe? Kwa sababu niliuogopa uso wake. Nilitaka aijue kweli, kuitamka sikutaka. Nikaiachia redio kazi ya ulimi wangu.

Shangazi akapiga tena. "Ushazima?"

"Nshazima."

Baba akashuka na suti yake, akafunga utepe mweupe kwenye boneti. Nikamwambia, "Safari njema."

Alinisimulia baadaye kwamba alilisikia tangazo akiwa barabarani, kati ya daraja na daraja. Mtangazaji alimtaja kwa jina: mwana wa marehemu, aliyeko London. Nyuma yake bibi harusi alikuwa akicheka na wenzake. "Uncle, tuwekee muziki basi!" Baba akaweka muziki. Akamfikisha, akamfungulia mlango, akatabasamu kwenye picha.

Alirudi magharibi. Wazee wakainuka. "Kaeni," akasema, "nshasikia." Akamgeukia Shangazi. "Ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri, kaka."

"Nani mwengine hapa nyumbani aliyejua?"

Shangazi akanitazama. Alidhani nilivuta fyuzi isiyo yenyewe, kwamba msomi wake ameshindwa na waya. "Mimi peke yangu," akasema.

Baba akaushika mkono wangu mbele ya watu wote. "Kama si redio ya mwanangu huyu, mngenificha mpaka lini?" Tangu siku hiyo hajasema na dada yake.

Stesheni zile zimeshanyamaza. Juzi nilipanda naye, akazungusha ufunguo, taa ndogo ya kijani ikawaka na mvumo mtupu ukatujia. Nikamuuliza, "Niing'oe, Baba?" Akasema, "Iache. Wewe na hiyo tu ndio hamkunidanganya."

Baada ya wiki mbili Shangazi anarudi Unguja moja kwa moja, kuishi huko. Nilimwendea, nikakiri yote mbele yake. Aliendelea kukunja nguo. Kisha akasema, "Usimwambie. Mimi nshazoea. Ukisema, yeye atabaki na nani?"

Nyinyi msionijua, nihukumuni kisha mnishauri. Nikinyamaza, mwanamke aliyenifunika atapanda ndege bila mkono wa kwaheri wa kaka yake. Nikisema, nitamnyang'anya Baba mtu wa mwisho anayemwamini, na safari hii hakuna wa kunisemea. Kesho asubuhi Baba atanipeleka chuoni kwa gari lile. Nimwambie? Na kama ni kumwambia, nianze na neno gani, kabla hajazungusha ufunguo?