Neno la Kibuyu

Kimberly Jepkemboi Kipkirui ni mjukuu wa Cheruto, yule aliyebeba maziwa mgongoni hadi barabara kuu wakati mashamba ya wazungu yalipokatwa vipande na watu wakaambiwa kwamba ng'ombe wa gredi, wale wa mbegu ya kizungu, watafia mikononi mwa Waafrika. Hawakufa. Ni binti wa Kipkirui, dereva wa trekta aliyewalimia wajane msimu mzima bila kuuliza huyu ni wa kabila gani. Mama yake ni Jepchumba. Siku lori la mafuta lilipopinduka Sachangwan, Jepchumba alisimama njiani na fimbo ya ng'ombe akawarudisha majirani waliokuwa wakikimbia huko na mitungi kuchota mafuta. Walimtukana kwamba ana roho mbaya, kisha lori likalipuka, na wale waliorudi wako hai hadi leo kuendelea kumtukana. Jepkemboi mwenyewe, mwezi wake wa kwanza kazini, alimrudishia mwenyekiti wa ushirika maziwa yake mbele ya watu wote kwa sababu yalikuwa yametiwa maji. Ndio ukoo wake huo, watu wa kusema neno gumu hata kama neno rahisi liko karibu.

Kazi yake ilikuwa kupima maziwa katika kituo cha kupoza cha ushirika, juu ya barabara kati ya Salgaa na Sachangwan, mahali ambapo baridi ya Juni huuma masikio. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, digrii moja, na chumba kimoja mtaa wa Section 58 huko Nakuru alikoondoka kila siku kabla jua halijachomoza. Mwaka wake wa pili kazini akajiandikisha kusomea MBA, madarasa ya Jumamosi, mjini.

Watu walisema sana. Shangazi zake waliuliza, si aolewe kwanza? Wenzake kazini walimwambia afanye kazi miaka kumi ndipo arudi shule, akiwa na kitu cha kusimulia.

"Nikingoja miaka kumi," Jepkemboi aliwajibu, "nitakuwa nimeshazoea makosa."

Meneja wake, Bwana Obura, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. Alimwita ofisini, akavua miwani, akamwambia, "Kimberly, mimi sina shida na shule. Shule ni kitu poa. Lakini ng'ombe hajui Jumamosi. Utapima maziwa, utaona lori limebeba, ndiyo uende. Siku maziwa itakataliwa kwa sababu akili yako iko darasani, hizo Jumamosi zimekwisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, boss."

"Weka sahihi."

Akaweka.

Basi zikapita Jumamosi nyingi hivyo. Saa mbili lori linabeba, saa tano Jepkemboi ameketi darasani na harufu ya maziwa bado iko mikononi, kati ya watu wa benki waliovaa viatu vya kung'aa. Ukafika muhula wa mradi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchukua tatizo moja la kazini kwake, alitatue, kisha asimame mbele ya walimu kueleza. Jepkemboi hakulitafuta lake mbali. Wakulima walikuwa wakileta maziwa katika mitungi ya plastiki iliyonuka, nayo yalikuwa yakiharibika kabla ya kufika kiwandani. Ushirika ulikuwa umewapa mikebe ya chuma, lakini mikebe pia hunuka isipooshwa. Alikuwa amewafundisha mara tatu, kwa michoro na maneno makubwa. Kina mama walitikisa vichwa kwa heshima, wakaenda nyumbani, wakaosha walivyotaka.

Mwalimu wake, Daktari Wariara, alizisoma karatasi zake akacheka kidogo. "Hapa umeandika 'usafi wa vyombo kwa viwango'. Nani huko kwenu anaongea hivi? Mtu huelewa lugha ya jikoni kwake."

Neno hilo lilimwingia. Alhamisi, siku mbili kabla ya kuwasilisha mradi, aliwakusanya kina mama nje ya kituo. Hakubeba michoro. Alisema, "Mama zangu, nimewachosha na Kizungu. Leo nasema moja tu. Huu mkebe, utunze kama kibuyu cha mursik."

Lo! Vigelegele. Kila mwanamke pale alijua kibuyu cha mursik, maziwa yanayolazwa humo hadi yagande, hutunzwa vipi, na alijua kwamba kibuyu kichafu ni aibu ya ukoo mzima. Kogo Jemutai, na kogo ndivyo bibi huitwa kule, alikuwa rika la marehemu Cheruto na mwanachama tangu ushirika uanze. Alisimama akampiga mgongoni. "Sasa umeongea, msichana wa Cheruto! Miezi yote hiyo ulikuwa unatuimbia nini?"

Jepkemboi akarudi Section 58 akiwa mwepesi kama unyoya. Akaandika kwenye mradi wake kwamba tatizo lilikuwa lugha, na kwamba limekwisha.

Jumamosi ikafika. Alivaa sketi nzuri chini ya koti jeupe la kazi, viatu vya darasani akavitia kwenye mfuko. Kina mama walikuja mapema, mikebe inang'aa kuliko siku zote. Alichukua vipimo. Laktomita ilielea palepale inapotakiwa kuelea, kwa hiyo hakuna maji. Akachanganya maziwa na spiriti, hayakuganda, kwa hiyo hayajachacha. Akainamia kila mkebe akanusa, maana pua ndiyo kipimo cha kwanza, na pua yake haikuona kitu. Yalinukia vizuri. Yalinukia kama asubuhi kwa nyanya yake. Akaamuru yamiminwe, tangi kubwa likajaa.

Saa moja na nusu Muiruri, dereva wa lori la kiwanda, mtu wa kutoka Bahati, upande mwingine wa Nakuru, akafungua kifuniko cha tangi kuchukua sampuli. Akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Madam! Hii maziwa mmepika ama mmechoma?"

"Wacha mchezo, Muiruri. Nina haraka leo."

"Mchezo gani? Kuja unuse. Hii imebaki tu kachumbari iwe nyama choma. Mimi sibebi."

Jepkemboi alikuja akanusa. Bado pua yake ilimwambia ni maziwa tu. Akafumba macho, akanusa tena, polepole, akijifanya mgeni. Ndipo akausikia. Moshi. Ulikuwa moshi wa senetwet, ule mti ambao makaa yake hupakwa ndani ya kibuyu kabla ya maziwa kuwekwa yawe mursik. Harufu aliyoamka nayo tangu kuzaliwa. Ndiyo maana hakuisikia. Nani husikia harufu ya nyumba yao?

Alikimbilia mkebe uliokuwa karibu, akapitisha kidole ndani, kikatoka na weusi. Akajaribu wa pili, na wa tatu.

"Kogo," alimwuliza Jemutai kwa sauti ndogo, "mmeosha mikebe na nini?"

Jemutai alijivuta juu, fimbo mkononi. "Na maji ya moto. Halafu tukapaka makaa, mimi niliwachomea senetwet mwenyewe, jana mchana kutwa. Si ulisema kama kibuyu? Au kwenu kibuyu huoshwa na sabuni ya unga?"

Kina mama wakacheka. Jepkemboi hakucheka. Tangi zima la maziwa ya watu lilikuwa limekwisha kuharibika, na mlangoni Bwana Obura alikuwa akishuka kwenye gari.

Muiruri alimweleza kwa maneno machache. Obura akanusa, akakunja uso, akatazama saa, kisha akamtazama Jepkemboi na viatu vyake kwenye mfuko.

"Nani amefanya hivi?"

Mama mmoja akamtazama Jemutai bila kukusudia, na hilo likatosha.

"Mzee huyu?" Obura akafungua kitabu cha siku akampa Jepkemboi kalamu. Akanong'ona, maana kwa kweli alimpenda huyu msichana. "Sikia, Kimberly. Andika namba ya mama. Andika ameleta maziwa yenye moshi na kuwapotosha wengine. Tutafunga kadi yake ya kuleta maziwa, kiwanda kitaona tumechukua hatua, na wewe uende shule. Usipoandika yeye, lazima niandike mtu mwingine. Na mwenye alipitisha haya maziwa ni mmoja."

Kalamu ilikuwa nzito. Kadi ya Jemutai ikifungwa, maziwa ya ng'ombe wake wawili atamwuzia nani? Lakini Jumamosi zikifungwa, mradi hauwasilishwi, muhula unapotea, na mwenye kupoteza muhula hivyo, mara nyingi harudi. Aliwajua wawili waliosema watarudi mwakani. Akaweka ncha ya kalamu kwenye ukurasa, akaiinua tena, na Jemutai aliona.

"Andika tu," Jemutai alisema kwa sauti kavu. "Cheruto naye alinikosea mara moja. Nilienda kumzika hata hivyo."

Jepkemboi akaandika. Aliandika taratibu, kisha akasoma kwa sauti ili wote wasikie:

"Maziwa yamekataliwa kwa harufu ya moshi. Kosa ni la mpimaji, Jepkemboi. Alisema neno bila kulipima, kisha akanusa bila kusikia. Wakulima walifanya walivyoambiwa."

Obura akachukua kitabu, akasoma mwenyewe kana kwamba masikio yamemdanganya. "Unajua uliweka sahihi?"

"Najua, boss. Lakini usinifungie leo. Nipe Jumamosi mbili tu, leo na ijayo. Ijayo nikikosea, nitakuandikia barua mwenyewe ya kuacha shule."

Muiruri akawasha lori na kuondoka tupu, Obura akilisindikiza kwa macho. "Ijayo," alisema mwishowe, "nataka maziwa ipimwe na pua ingine. Si yako. Yako ni ya kunusa vitabu." Akaingia ofisini.

Maziwa yaligawiwa kina mama warudi nayo, kazi iliyokwisha karibu adhuhuri. Jemutai alijaza mkebe wake bila haya. "Hii si maziwa mbaya," alisema. "Ni mursik ambayo haijalala." Lakini hakumpiga Jepkemboi mgongoni.

Alifika Nakuru saa saba na dakika kumi, zamu yake ikiwa imepita, bado ana gambuti miguuni, viatu vizuri amevisahau kituoni. Walimu walikuwa wakifunga karatasi. Daktari Wariara alimtazama kuanzia chini hadi juu. "Dakika tano, Jepkemboi. Na tafadhali usisome."

Hangeweza kusoma hata kama angetaka, maana mradi alioandika ulikuwa umekufa asubuhi. Alisimama akasimulia lile neno, vile vigelegele, yale makaa, na ile pua. Watu wa benki walicheka, kisha wakaacha kucheka. Akamalizia na kitabu cha siku.

Daktari Wariara akauliza swali moja. "Umetueleza kosa vizuri sana. Sasa kesho neno lingine likipotea njia, nani atalishika kabla halijafika kwenye tangi?"

Jepkemboi akalinakili swali hilo nyuma ya karatasi za mradi wake.

"Una hadi Jumamosi ijayo," mwalimu alisema. "Bila jibu hilo, utarudia muhula."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu, kina mama wakirudia mitungi yao ya plastiki hadi mikebe isafike. Alizungusha majibu kichwani akiwa kazini, akila, akifua. Kununua mashine? Ushirika hauna. Kumwomba Muiruri anuse? Muiruri huja tangi likishajaa. Alhamisi aliwakusanya tena kina mama na mikebe yao. Hawakuja wote. Alisimama mbele yao akasema, "Lile neno nililowapa, naomba mnirudishie. Nililisema vibaya. Mkebe uoshwe na maji ya moto na sabuni, ukaushwe juani, basi. Makaa ni ya kibuyu." Mmoja akauliza kwa kejeli kama wiki ijayo wataambiwa waoshe kibuyu kama mkebe. Wakacheka, naye akavumilia.

Jemutai alikuwa amesimama nyuma, hajacheka. Alipita kati ya mikebe akiinua vifuniko, kimoja kimoja, akiviweka puani. "Huyu bado," alisema. "Huyu aliosha, lakini haraka. Huyu hakutumia senetwet, alidanganya, hii ni makaa ya mti wa kawaida. Huyu ni safi."

Jepkemboi akasogea karibu kumsikiliza. Huyu mama hakuwa akisikia harufu ya nyumbani tu. Alikuwa akiisoma, neno kwa neno, mti ulikuwa upi na ulichomwa lini. Wao wengine wote walikuwa wamezaliwa ndani ya moshi ule. Jemutai ndiye aliyekuwa akiutengeneza.

Jumamosi kukapambazuka na umande mzito. Kina mama walikuwa kwenye foleni, Obura amesimama mlangoni mwa ofisi mikono kifuani, na kwa mbali lori la Muiruri lilisikika likipanda mlima. Jepkemboi hakuinamia mkebe wowote. Alivua koti lake jeupe akamvalisha Kogo Jemutai juu ya shuka lake. Mikono ya koti ilimzidi, akamkunjia.

"Mimi sikusoma," Jemutai alisema, akitazama kando. "Hata jina langu huandikiwa."

"Kogo, hapa hakuna kusoma. Mimi nitapima kwa laktomita na spiriti. Wewe utatangulia. Kila Jumamosi, na siku zingine zote nikiwa sipo. Hakuna mkebe utakaomiminwa kabla hujafungua kifuniko na kunusa, hata ukiwa wako, hata ukiwa wa mwenyekiti."

"Na nikinusa, natafuta nini?"

Jepkemboi akampa kifuniko cha kwanza mkononi.

"Ukisikia kama uko nyumbani, Kogo, urudishe."