Maji Machafu ya Jikoni

Chepngeno alilelewa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, na mama aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua. Alisomea ufundi bomba akiwa msichana pekee darasani, akafanya kazi za mjengo Nakuru, kisha akaajiriwa kufundisha katika chuo kimoja cha ufundi karibu na Gilgil.

Mwaka jana, asubuhi moja ya msimu wa mvua, maji machafu yalirudi jikoni mwa chuo yakafurika hadi ukumbi wa kulia. Chanzo kilijulikana mara moja. Kwa miaka mingi maji hayo yalikuwa yakiteremka kwa mtaro hadi shambani kwa jirani, mzee Wanyoike, na kumuozeshea viazi. Alilalamika hadi akachoka, na asubuhi hiyo akauziba mtaro kwa udongo.

Mkuu wa chuo, Bwana Kibii, aliitisha kikao. Alipendekeza maji yapitishwe kando ya shamba kwa bomba refu hadi mtoni, na wanafunzi wa ufundi bomba waifanye kazi hiyo kama mazoezi. Wengi waliafiki. Chepngeno alisimama.

"Hapo tutakuwa tumemwondolea mzee uchafu wetu tukawapelekea watu wengine," alisema. "Na hawa vijana wataenda makazini wakijua hiyo ndiyo plumbing."

Kibii alimkumbusha kwamba silabasi haisemi lolote kuhusu mahali maji yanapoishia. Chepngeno alijibu kwamba ndiyo maana anaomba muhula mmoja alifundishe jambo hilo. Akakubaliwa, shingo upande.

Alianzia kwa mzee Wanyoike. Alimwomba radhi kwa niaba ya chuo, akamsihi aje awaeleze wanafunzi yaliyompata. Mzee alisimama mbele ya darasa, kofia mkononi, akasimulia jinsi mkewe alivyoacha kulima upande ule kwa sababu ya uvundo. Tangu siku hiyo hakuna aliyeiita kazi ile mazoezi.

Yeye na wanafunzi walichimba shimo la kunasa mafuta ya jikoni, na mbele yake kwenye mteremko bwawa la kina kifupi walilolijaza kokoto na kupanda matete ya kuchuja maji. Walishindwa. Mafuta yalipenya, matete yakanyauka, na harufu ikafika mabwenini. Walimu wengine walicheka chinichini. Jioni moja Chepngeno alijiuliza kama hajawapotezea vijana muda.

Kesho yake aliwauliza wanafunzi walikosea wapi. Jerop, wa mwaka wa pili, alisema wapishi hawajaambiwa chochote na bado wanamwaga mafuta kwenye sinki. Basi wakaenda jikoni, wakakaa na wapishi, wakakubaliana mafuta yaliyobaki yawekwe kando. Shimo likapanuliwa, matete yakapandwa tena.

Safari hii yalishika. Maji yaliyotoka upande wa pili hayakunuka, na mzee Wanyoike akauzibua mtaro kwa jembe lake mwenyewe ili ayamwagilie majani ya ng'ombe. Kibii alikwenda kuona, kisha akataka kila idara ifundishe taka za kazi yake zinaishia wapi. Idara ya mapishi imeanza. Maseremala bado wanabishana kuhusu vumbi la mbao.

Jerop sasa yuko Naivasha kwa mafunzo ya kazini, kwenye ujenzi wa hoteli. Juzi alimpigia Chepngeno simu. Alikuwa amemuuliza fundi mkuu maji machafu ya vyumba vyote vile yataelekea wapi.

"Amesema nimletee mchoro wa bwawa kama letu, Madam," alisema. "Naomba tuuchore pamoja."