Zabibu za Kivuli

Ile harufu niliisikia saa saba mchana, wageni wakiwa bado hawajafika, na nikakaa nayo kifuani mpaka karibu saa kumi na moja ndipo nikaisema.

Nilikuwa nimealikwa Tegeta na rafiki yangu niliyesoma naye sayansi ya chakula chuoni. Wazazi wake walihamia Dar kutoka Dodoma zamani, na mama yake anatengeneza mvinyo nyumbani. Mara moja kwa mwaka huwaita ndugu na majirani waje kuonja, kila mvinyo na chakula chake. Mie ni mtoto wa Temeke, Muislamu, sijawahi kuonja pombe na sikuwa na mpango wa kuanza. Rafiki yangu alilijua hilo.

“Shosti, njoo ule, uione mizabibu. Nani kakwambia unywe?”

Kwa siku nne nilijiuliza kama kukaa meza moja na glasi za mvinyo ni sawa na kunywa, kama kukataa ni kuwadharau watu walionitumia chakula chuoni wakati wa mitihani, na nimwambie nini mama. Mwishowe nilimwambia naenda kuona shamba la zabibu. Halikuwa shamba hasa, ila haukuwa uongo kamili, na jambo hilo lilinisumbua njia nzima.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida, ya tofali za saruji, geti jekundu. Lakini ukivuka geti unaingia chini ya majani. Mama mwenye nyumba ameunganisha mabomba chakavu ya maji juu ya ua wote, kutoka ukutani hadi kwenye baraza, na juu yake mizabibu imetandaa kama dari. Alileta vipande vya kupanda kutoka kwao, vimeviringishwa kwenye gunia bichi. Kila mtu alimwambia hewa ya pwani ina unyevu mwingi, majani yataota ukungu. Yakaota kweli. Akajifunza kuamka alfajiri na kuchuma majani yaliyobanana, moja moja, ili upepo upite.

“Jani likimlalia mwenzie hapa Dar, yote mawili yamekwisha,” aliniambia, pua ikiwa imeziba kwa mafua. Alikuwa mfupi, amejifunga khanga juu ya gauni, mkasi umechomekwa kiunoni. “Na hii mizabibu haijui kulala. Kwetu kiangazi kinailaza. Huku inabidi niilaze mwenyewe, nainyima maji, halafu naikata. Watu wananiona katili.”

Nilimtazama akipitisha vidole kwenye matawi bila hata kuangalia, kama mtu anayesuka nywele. Mie nilikuwa na cheti chenye muhuri na barua za maombi ya kazi nisizozijua idadi. Nilifundishwa darasani kila kitu kinachotokea ndani ya zabibu, ila sikuwahi kumwona mtu anayeijua hivyo.

Alinipeleka jikoni. “Mbuzi kachinjwa na yule baba wa nyumba ya tatu, Muislamu mwenzio. Na sufuria la juisi yako ni jipya, halijakutana na mvinyo. Kwa hiyo mwanangu, shusha mabega.”

Sikujua kwamba nilikuwa nimeyapandisha.

Kisha akanituma stoo kuchukua glasi, na ndiko harufu ilikokuwa.

Humo stoo mlikuwa na mapipa matatu ya plastiki. Mawili yalikuwa ya zabibu za shamba la kaka yake Dodoma. La tatu lilikuwa na zabibu za pale uani, mavuno ya kwanza yaliyotosha kujaza pipa. Rafiki yangu alishanieleza habari zake. Shangazi yake, dada wa baba, kwa miaka amekuwa akisema mizabibu ile ni ya kivuli tu, ipandwe maua basi yapendeze. Mwaka huu mama alisema atamnywesha hicho kivuli. Alilifunga pipa, akakataa hata kulichungulia mpaka siku ya wageni, maana kufunguafungua ndiko kunakoharibu.

Kwenye kifuniko cha kila pipa palitoka mpira mwembamba uliozamishwa ndani ya chupa ya maji. Gesi inatoka kwa kububujika, hewa ya nje haiingii. Chupa mbili zilikuwa na maji. Chupa ya pipa la tatu ilikuwa kavu, na kwenye ncha ya mpira walitembea vijidudu wale wa ndizi mbivu. Nikainama. Ilinijia harufu kali, nusu siki, nusu dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Nilijua ni nini. Nilijua hadi jina la bakteria. Na papo hapo nikaanza kutojua. Pengine mvinyo wa nyumbani ndivyo unavyonuka, nami nimeuona wapi? Pengine ni rangi ya ukuta. Nitamwambiaje mama wa watu, mie nisiyekunywa, kwamba mvinyo wake umeharibika? Nisiposema, atalifungua mbele ya wifi yake. Nikisema na nimekosea, nitakuwa nimemtia mkosi bure. Nikabeba glasi nikatoka.

“Una nini wewe?” rafiki yangu aliuliza. “Umekuwa kama umeona jini.”

“Joto tu.”

Saa kumi wageni walifika, watu wanane, wakaketi kwenye meza ndefu chini ya mizabibu. Shangazi mtu aliingia akiwa na mkoba mkubwa na sauti kubwa zaidi.

“Wifi yangu, leo tunakunywa kivuli?”

“Unakunywa na kuongeza, wifi.”

“Haya. Nikiumwa tumbo nalala hapahapa, tena chumbani kwako.”

Watu wakacheka. Mvinyo wa kwanza, mweupe, ulikuja na karanga na pweza wa kuchoma. Wa pili, mwekundu, ulikuja na mbuzi, ugali wa uwele na mlenda. Sikuwahi kufikiria mlenda unaweza kukaa meza moja na glasi zenye miguu, lakini mama aliwaelekeza wale kwanza tonge, ndipo wapige funda, na niliona nyuso zao zikibadilika mmoja baada ya mwingine. Hakutumia maneno makubwa. Huu mwekundu, alisema, una ukali wa ganda, mlenda unaushika mkono. Kwa kuwa pua ilikuwa imeziba, aliinua glasi kwenye mwanga, akauchezesha mdomoni, akatulia, akasema, “Huu uko sawa,” na mtu asingeweza kubisha. Nami nilikula hadi nikaona aibu. Juisi yangu ilikuwa tamu na nzito, na kila nilipoinamisha glasi yeye aliijaza, bila kumtangazia mtu kwa nini.

Ndiyo maana nilishindwa kuendelea kukaa. Aliposimama na jagi kwenda kuchota kwenye pipa la tatu, nilimfuata.

“Mama,” nikasema mlangoni mwa stoo, “samahani. Huenda nimekosea. Pengine siyo. Lakini lile pipa, naona, sijui, linanuka siki.”

Akanitazama. “Umelisikia saa ngapi?”

“Saa saba.”

“Saa saba!” Akaweka jagi chini. Nilidhani atanifokea. Akafungua koki, akachota kidogo kiganjani, akaonja. Alifumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kwa ile mingine miwili. Alipofumbua hakuniangalia mimi, aliangalia chupa kavu.

“Nani kamwaga maji haya?”

Mumewe alikuwa akipita na sahani. Yeye alikuwa bwana afya kabla ya kustaafu, aliyezunguka mitaa ya Dar akiwaonya watu kuhusu maji yaliyotuama.

“Mie,” akasema kwa fahari. “Mlikuwa na viluwiluwi vya mbu humo. Mama nanii, unafuga mbu ndani ya nyumba ya bwana afya?”

Mama aliketi kwenye kreti. Nilisubiri kilio au ugomvi. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa, kisha nikagundua anacheka, ingawa macho yalikuwa yamelowa.

“Miaka yote nimepigana na ukungu,” akasema. “Kumbe adui ninalala naye.”

Mzee alisimama na sahani yake, fahari imemtoka, akatazama chupa, kisha pipa, kisha mkewe. “Nisamehe,” alisema taratibu.

Nami maneno yakanitoka bila kuyapanga. Nilimwambia mama asilimwage lile pipa. Tayari ni nusu siki, akiliacha lipate hewa chini ya kitambaa litakuwa siki kamili, tena nzuri, kwa sababu zabibu zenyewe ni nzuri. Kwetu siki haikosekani, tunatilia achari, kachumbari, samaki. Na leo hii, kwa wanaokunywa, itaweza kulainisha kitunguu. Niliongea kwa kasi hadi pumzi ikaniishia.

“Chuo wanafundisha hayo?”

“Wanafundisha bakteria. Achari ni ya bibi.”

Akainuka, akachota nusu jagi kutoka pipa la tatu. Alikata vitunguu, nyanya na matango mwenyewe, akamimina kutoka kwenye jagi, akatupia pweza aliyebaki. Alilibeba bakuli hadi mezani, akasema mbele ya wote, “Mvinyo wa uani umegeuka siki. Huyu binti ndiye aliyegundua, pua yangu leo imekufa. Kuleni.”

Shangazi mtu alichota kijiko, akatafuna, akachota kingine. Kila mtu alikuwa akimngoja.

“Kivuli chako kikali, wifi,” alisema, akivuta bakuli upande wake. “Mwaka ujao nitakinywa. Hiki nakila.”

“Umekubali basi kwamba mizabibu inazaa?”

“Nimekubali inazaa siki.”

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa nusu ya alichokuja kudai na anajua nusu nyingine iko wapi. Mimi sikuonja. Bado ilikuwa na ulevi ndani yake. Nilipomweleza hilo kwa maneno mengi mno, alinikatiza.

“Ikishakuwa siki kamili nitakuletea. Halafu uje siku ya kuvuna. Nataka pua isiyokunywa. Na siku hiyo ukisikia kitu saa saba, nambie saa saba.”

Wakati wa kuondoka nilimkuta mzee stoo, amechuchumaa, anajaza maji ile chupa kwa ajili ya mavuno yajayo. Akatia chumvi, mbu wasizalie, na juu yake akabandika karatasi aliyoiandika kwa herufi za ofisini: MAJI HAYA YASIMWAGWE NA MTU YEYOTE, HASA MIMI.

Wiki kadhaa baadaye rafiki yangu aliniletea chupa ya soda iliyojaa siki nyekundu, imeiva kabisa. Mama yangu aliitia kwenye achari ya embe, akaonja, akaonja tena.

“Hii umetoa wapi?”

Nilikuwa na jibu la zamani, lile la shamba la zabibu. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na jiko, nikaanza na ile harufu.