Lipnava, Mji wa Wageni Watupu

Ipo Jumamosi moja ya ujana wangu, mwanangu nisiyekuzaa, jirani yangu, ambayo naikumbuka kila nikikuona unapanda ngazi za ghorofa letu hapa Woolwich baada ya zamu yako ya hospitali, kichwa chini, simu mkononi. Mlango ukishafungwa, sikusikii tena.

Nami niliishi hivyo. Nilitoka Mbinga nikapelekwa Chekoslovakia kujifunza ufundi wa mitambo ya kufuma nguo, katika mji mdogo wa soko uitwao Lipnava. Umekaa bondeni, mto umeuzunguka pande tatu, na nyuma yake ipo milima ya mpaka wa Ujerumani. Baridi ya kule, we acha tu! Nilipanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Ludmila. Mchana kiwandani, jioni chumbani, nikilia kimyakimya. Mwishowe nikafunga sanduku nirudi nyumbani kabla ya kuhitimu.

Bi Ludmila aliliona lile sanduku. Hakunibembeleza. Alinipa kikapu, akasema, "Twende sokoni." Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mimi nilikuwa na miezi kadhaa, na jembe sikuwa nimelishika.

Darajani akasimama. "Mto huu unaitwaje?"

Sikujua.

"Unatoka wapi?"

Sikujua.

"Basi hujafika, kijana. Umefika mwili tu."

Tukapanda hadi uwanja wa soko, wenye mteremko na nyumba za matao pembeni, ambamo wachuuzi wa viazi na bata bukini wamejikinga mvua tangu enzi za wafalme. Hapo akanieleza. Wayahudi wa mji ule walichukuliwa wakati wa vita, hawakurudi. Vita vilipokwisha, Wajerumani, ambao mababu zao ndio walioujenga, wakafukuzwa. Yeye aliletwa pale akiwa msichana, pamoja na Wacheki wengine, akapewa nyumba ya mmoja wao waliofukuzwa.

"Nilikuta vikombe mezani," alisema, "vya watu nisiowajua. Majira yote ya baridi nilikaa na koti mwilini, nikingoja wenyewe waje wanitoe."

"Ukafanyaje?"

"Alibaki kikongwe mmoja wa Kijerumani, kwa kuwa mumewe alikuwa Mcheki. Nikamwuliza habari za mji: mto, kanisa, kisima, nani alikuwa mwoka mikate. Alilia akinifundisha. Hakukuwa na mwingine aliyewahi kumwuliza."

Niliporudi nikalifungua sanduku. Upweke haukwisha, nisikudanganye. Lakini nilianza kuuliza, nikamaliza mafunzo, na watu sokoni wakaanza kunisalimu.

Baadaye maisha yakanileta huku Woolwich, na leo ni mimi ninayeishi peke yangu. Mke wangu amelala katika udongo wa hapa, na wanangu wananijibu kwa Kiingereza. Asubuhi nashuka sokoni. Muuza mihogo namjua alikotoka, na mzee anayeuza maua ameshanionyesha kilipokuwa kiwanda cha silaha alimofanya kazi baba yake.

Kwa hiyo nakuasa, mwanangu: kuuliza si ujinga. Mahali usipopajua hapawezi kukupenda. Jua mto wake, jua soko lake, jua waliotangulia na walioondolewa. Usingoje moyo utulie kwanza ndipo uulize. Uliza, utatulia njiani. Na kama hujui uanzie kwa nani, anzia kwangu. Chai ipo, na siku nyingi hakuna anayeinywa ila mimi.

Mola akulinde kazini na barabarani. Akupe majirani wema, na ukija kuzeeka ugenini, asikukoseshe mtu wa kukuita kwa jina lako.