Spika Iliyomeza Maneno

Vijana wakinisifia redio yenye besi nzito, mimi nanyamaza tu. Besi nilishaishi nayo nyumba moja, na ilinitoa machozi ya hasira.

Ilikuwa Rujewa, miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine ya kukobolea mpunga. Redio tulikuwa nayo, ndogo, yenye sauti ya mtu mwenye mafua, lakini maneno unayapata. Siku moja akarudi kutoka Iringa amebeba spika kubwa kama ungo, kainunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Akaitengenezea sanduku la mbao za mninga, urefu unanifika kifuani, akaliweka kwenye kona ya sebule, akaunga waya za redio na betri ya lori. Muziki ulipoanza, vikombe vikagongana kabatini.

"Umesikia besi hiyo, mama watoto? Umesikia?"

"Nimesikia. Hata ng'ombe wa jirani wamesikia."

Hata hivyo sikulalamika sana, maana mwezi ule taarifa ya habari tuliisikia vizuri, neno kwa neno.

Ndipo kikaja kisomo cha watu wazima. Mwalimu wetu, kijana mpole wa kutoka Mbeya, alitafuta nyumba yenye redio ya kusikika na watu wengi, akaletwa kwangu. Mpango ulikuwa hivi: saa kumi jioni somo linakuja redioni, sauti inasoma sentensi polepole, sisi tunaandika, yeye anapita anasahihisha. Tulikuwa wanawake kama kumi na wawili.

Niseme wazi, hakuna aliyekitaka kisomo kile kuliko mimi. Shule niliichungulia mlangoni tu kule kwetu Ilula, nina mtoto wa dada yangu mgongoni. Na nyumbani kwangu sikuweza kutoka jioni, kwa sababu mama mkwe alikuwa amelala kitandani, miguu haimbebi, wa kumgeuza na kumlisha ni mimi. Wenzangu wangeweza kusoma popote. Mimi ni hapo sebuleni au basi.

Kwa hiyo nikaiandaa sebule. Mwaka ule mpunga ulikubali, magunia yalikuwa yamepangwa humo kwenye kona zote zilizobaki mpaka usawa wa dirisha. Sasa, kwetu chakula hakionyeshwi wageni. Mtu akiona magunia yako leo, miezi ya njaa atakuja na bakuli, na huwezi kumwambia hakuna. Tukayabeba yote, mimi na mume wangu, tukayaingiza chumbani kwa mama mkwe, yakazunguka kitanda chake pande tatu.

"Mnanizika na mpunga?" akauliza.

"Vumilia mama, ni kwa ajili ya wageni."

Sebule ikabaki tupu, sakafu ya saruji inang'aa, nikaifurahia. Saa kumi wakaja, wakakaa kwenye mikeka na madaftari yao. Mume wangu akawasha. Lo! Yule mtu wa redioni akawa kama anazungumza ndani ya pipa. Mngurumo ulikuwa unazunguka ukutani, neno moja halijaisha, mlio wake unalifunika la pili. Tukatazamana. Daftari langu siku ile lilibaki jeupe.

"Betri imechoka," mume wangu akasema. Akaleta nyingine. Vilevile. Akakaza skrubu, akafungua sanduku, akajaza pamba. Vilevile. Mimi nikatundika mablanketi na kanga zangu zote ukutani. Ikawa mbaya zaidi: zile herufi kali kali za mdomoni, sa na ta, zikafa kabisa, likabaki lile dude linanguruma peke yake. Nikamwambia alitoe sanduku kwenye kona alilete katikati. Akakataa.

"Hapo kona ndipo besi inapata nguvu. We mama, mambo ya spika unayajulia wapi?"

"Sijui spika. Najua sisikii."

"Mbona mwezi uliopita ulikuwa unasikia?"

Swali zuri hilo. Yeye alirudi kwenye pamba zake.

Siku ya tatu jirani yangu, mwanamke wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia bondeni na mifugo, akafunga daftari katikati ya somo.

"Mwalimu, mimi nilikuja kusoma, sikuja kukobolewa. Mashine ya shemeji imehamia humu!"

Wakacheka wote. Mume wangu akatoka nje. Mwalimu akakuna kichwa, akaniambia kwa heshima, "Mama, nisamehe. Kesho ikiwa hivi, tutahamia ng'ambo ya mto. Kule kuna redio ndogo, ila inaeleweka."

Ng'ambo ya mto. Niliinama nikaanza kukunja mikeka, maana ningefungua mdomo ningemtukana mtu asiye na kosa.

Kesho yake tukakaa tena. Uuum, uuum. Mwalimu akauliza, "Amesema nini?" Tukachungulia madaftari ya wenzetu. Basi kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi, tukamsikia mama mkwe na sauti yake ya kukwaruza:

"Amesema andikeni, mkulima anapalilia shamba. Nyie mna masikio ya nini?"

Sentensi ya pili akaipata. Ya tatu pia. Bibi wa miaka ile, hawezi hata kushika kalamu! Nikainuka, nikaingia chumbani kwake, nikasimama katikati ya magunia. Yule mtu wa redioni alikuwa anaongea kama yuko kando yangu. Nikatoka sebuleni: ngurumo. Nikarudi: maneno. Nikafanya hivyo mara tatu, wenzangu wakadhani nimepagawa.

Hapo nikaelewa, na hasira ikanipanda upya, safari hii juu yangu mwenyewe. Mpunga ndio uliokuwa unaumeza ule mngurumo, na mimi ndiye niliyeuficha.

Nilimtazama jirani yangu na wale wengine kumi. Najua macho ya watu yanavyohesabu. Nikasema, "Inukeni mnisaidie kubeba."

Tukazima redio, tukayarudisha moja moja. Mawili mawili kila kona, yamepandana mpaka juu, na lile sanduku nikalisukuma mwenyewe kwa nyonga mpaka likaachana na ukuta. Mume wangu alisimama mlangoni.

"Wee! Besi yangu!"

"Besi yako kaisikilize mashineni."

Akawasha tena. Sauti ikatoka imenyooka. Hatukushangilia, somo lilikuwa linaendelea. Niliinama nikaandika sentensi nzima, herufi zimepinda kama mboga zilizopigwa na jua, lakini nzima. Mwalimu akaweka alama ya vema. Hakutaja tena ng'ambo ya mto.

Mume wangu aliwatangazia watu wa mashineni kwamba alikaza skrubu fulani ya ndani. Nikamwacha. Ila asubuhi ya siku ya pili yake jirani yangu alikuwa mlangoni kwangu, kashika bakuli, anasifia mavuno yangu kwa sauti tamu. Nilimjazia. Sikucheka naye.

"Saa kumi," nikamwambia, "uje na daftari."